Mtoto anayekataa mswaki: mlaze kwanza

Mtoto wa miaka miwili anayebana midomo kila akiona mswaki mara nyingi ana sababu yake: dawa ya meno inamwasha, mswaki unamuumiza, au mkao si mzuri. Chunguza hayo kabla ya kuanza nyimbo na zawadi.

Dawa ya wakubwa yenye mnanaa mkali humwasha kama pilipili. Nunua ya watoto, ila soma boksi: iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, ppm 1000 hivi (ppm ni kipimo cha wingi wake). Zipo zisizo nayo kabisa, na hizo zinabaki ladha tu. Chini ya miaka 3, kipimo ni punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ule mswaki uliofunikwa dawa wote kwenye matangazo usiuige, kwani mtoto humeza. Walio Arusha na maeneo mengine ambayo maji yake yana floraidi nyingi wawe waangalifu zaidi, wamuulize daktari wa meno.

Kumsimamisha mbele ya sinki ndiko kunakoleta vita vingi. Anarudi nyuma, nawe magego huyaoni. Kaa kwenye mkeka au kitandani, umlaze chali, kichwa chake kikiwa mapajani mwako. Mkono mmoja uinue mdomo, mwingine usugue. Mkiwa wawili, kaeni mkitazamana, magoti yagusane, mtoto alale juu yake: mmoja amshike mikono na kumchekesha, mwingine apige mswaki.

Sasa lile ambalo wengi hawalijui. Inua mdomo wa juu utaona kinyuzi cha nyama kinachoushikilia kwenye ufizi. Mswaki ukikigonga, mtoto anaruka kwa maumivu, na kesho hafungui mdomo. Kifunike kwa kidole cha shahada unaposugua meno ya mbele.

Anza na magego ya chini. Laza mswaki kidogo kuelekea ufizi, uzungushe viduara vidogo pale jino linapokutana na ufizi, maana utando hukaa hapo. Meno ya utoto ni 20, matano kila robo ya kinywa, kwa hiyo hesabu kwa sauti moja hadi tano, robo kwa robo, na urudie mpaka dakika mbili ziishe. Akijua mwisho uko wapi, atavumilia. Mpe mswaki wa pili autafune mwenyewe. Ule unaomsugulia usimwachie, kwani nyuzi zikishatawanyika huchoma fizi. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji mengi, na usiku asipewe tena uji wala maziwa.

Anayetapika apewe mswaki wenye kichwa kidogo, na usimpigishe akiwa ameshiba sasa hivi.

Aliyekuwa akikubali kisha akagoma ghafla, mtazame mdomoni. Ufizi uliovimba nyuma huenda ni gego linaota: pasafishe kwa kitambaa chenye maji baridi siku mbili tatu. Ukiona doa la kahawia au shimo, mpeleke kwa daktari wa meno, hata kama jino lenyewe ni la kung'oka.