Jinsi ya kukagua ripoti ya athari za mazingira ya uwanja unaotaka kujengwa kando ya ziwa

Hivi karibuni kikundi cha wakazi kiliniomba tuisome pamoja ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira: kurasa mamia, uwanja wa mpira, ukumbi wa michezo ya ndani, gati la mitumbwi ya mashindano na maegesho, vyote ukingoni mwa ziwa. Muda wa kutoa maoni ulikuwa unayoyoma. Utaratibu tulioufuata ni huu, kwa yeyote atakayetupiwa ripoti ya aina hiyo. Si lazima uwe mhandisi. Uwe na kalamu nyekundu, kikokotoo, kompyuta yenye QGIS (programu ya ramani; ni ya bure, na sioni sababu ya kulipia nyingine) na ubishi kidogo.

Hatua ya 1: Ipate ripoti nzima

Nzima, pamoja na viambatisho. Matokeo ya maabara, vipimo vya udongo na kumbukumbu za mikutano hukaa huko nyuma. Muhtasari usiuguse kwanza, maana umeandikwa na anayetaka mradi upite. Mimi huusoma mwisho, nione kipi kilichomo ndani hakikufika mbele.

Hatua ya 2: Orodhesha kinachojengwa

Paa, lami, nyasi, gati, barabara, kila kimoja na mita zake za mraba. Jumla ya sura ya maelezo ikipishana na jumla ya michoro, weka alama uendelee.

Hatua ya 3: Ziwa linaishia wapi?

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Ziwa lina ukingo wa kiangazi, ukingo wa masika, na ukingo wa ule mwaka ambao wazee bado wanausimulia. Ripoti huchora mstari mmoja wa buluu, kisha kila kitu kinapimwa kuanzia hapo: umbali wa majengo, upana wa ukanda usiojengwa, kimo cha msingi. Mstari ukichorwa mwaka wa ukame, uwanja unakuwa umeshaingia ziwani kabla tofali la kwanza halijafika.

Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda likaizidi kidogo rekodi ya Mei 1964. Katikati hapo imepita miaka 56. Mtu aliyeshika vipimo vya miaka 20 tu kabla ya mafuriko hayo asingeota kuwa maji yanafika pale. Kwa hiyo tafuta ndani ya ripoti mambo matatu: usawa wa juu kabisa uliowahi kurekodiwa, mwaka wake, na sifuri ya kipimo iko wapi.

Hilo la tatu ndilo linalotesa. Ile rula ndefu iliyosimikwa gatini kupimia usawa wa ziwa huanza sifuri pale aliyeisimika alipoamua. Ramani ya mpima ardhi huhesabu mwinuko kutoka usawa wa wastani wa bahari. GPS nayo huanzia kwenye umbo la kihisabati la dunia, na tofauti kati ya umbo hilo na usawa wa bahari ni mita chache mahali pengine, mahali pengine inakaribia mita 100. Niliwahi kukesha na ripoti ambayo namba za ziwa zilionyesha kiwanja kiko juu salama, na namba za mpima zikaonyesha kimezama. Zote zilikuwa sahihi. Kila moja ilianzia sifuri yake.

Usikisie. Ofisi inayosimamia rula mara nyingi inajua sifuri yake iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Iombe namba hiyo kwa maandishi. Ikikosekana, kuna njia ya zamani inayofanya kazi vizuri: mpima ardhi aanzie kwenye bikoni yenye mwinuko unaojulikana, apime mwinuko wa uso wa maji, na saa hiyohiyo mtu mwingine asome rula. Toa moja kwa nyingine, umepata tofauti. Chagueni siku tulivu. Upepo ukivuma muda mrefu husukuma maji upande mmoja wa ziwa, na usawa wa pwani hii hauwi tena usawa wa pwani ile.

Kisha uliza kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zimetoka wapi. Washauri wengi huzichota kwenye data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi kwa rada, iliyokusanywa kwa chombo cha anga cha Marekani katika safari ya siku 11, Februari 2000. Kwa milima ni data nzuri sana. Lakini kisanduku chake kimoja ni kama mita 30 kwa 30, lengo la usahihi wake wa wima lilikuwa mita 16, na penye mimea mirefu hupandisha mwinuko kwa kuwa rada haifiki chini vizuri. Pwani tambarare inayopanda mita moja kila hatua mia haiwezi kusomeka kwa chombo hicho. Ukikuta kontua za nusu mita zimechorwa kutokana na SRTM, zikatae na udai upimaji wa ardhini. Hapa usione haya.

Picha za zamani nazo zina lake la kusema. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kinatoa bure ramani za Global Surface Water, zilizotengenezwa kwa picha za setilaiti za Landsat tangu 1984. Pakua tabaka la upeo wa juu wa maji, liweke kwenye QGIS, na juu yake weka mchoro wa mradi. Angalia mifumo ya viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ya tabaka zote mbili inalingana, la sivyo uwanja utaukuta katikati ya bahari. Setilaiti hizo hazioni maji yaliyojificha chini ya matete, kwa hiyo pasipoonyesha maji pasihesabiwe kuwa pakavu. Wavuvi wanajua zaidi. Waombe wakuonyeshe maji yalifika kwenye mti upi, na mpima apapime.

Ukishapata usawa wa juu, ongeza kimo cha mawimbi ya siku ya dhoruba. Mstari huo ndio utakaoutumia katika hatua zinazofuata, na ule wa buluu uuache kwenye ripoti.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mvua

Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Hiyo inatosha. Tuseme maegesho ya lami ni hekta 2 na mvua kubwa imemwaga milimita 50 kwa saa. Hizo ni mita za ujazo 1,000. Lami hainywi maji, kama asilimia 90 ya mvua hutiririka juu yake, kwa hiyo mita za ujazo 900 zinakwenda mahali fulani. Wapi? Ripoti ikisema kuna bwawa la kutuliza maji la mita za ujazo 300, uliza hizo 600 zitalala wapi, hasa kwa kuwa maji ya mwanzo ndiyo yenye mafuta, vumbi la breki na chembe za matairi.

Linganisha pia kitako cha bwawa na ule mstari wako wa hatua ya 3. Nimeona mabwawa mazuri michoroni ambayo ziwa likipanda yanajaa kutokea chini, na mvua ikinyesha hayana pa kuipokea.

Hatua ya 5: Nyasi za aina gani?

Zikiwa za asili, tafuta neno fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea. Mwaka 1973, katika Ziwa namba 226 kule Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa hilo sehemu mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni, upande wa pili wakatia hizo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani kwa mwani. Kwa hiyo ahadi ya "mbolea itatumika kwa uangalifu" haitoshi. Dai upimaji wa udongo kabla ya kila uwekaji, na ukanda wa mimea kati ya uwanja na maji ambao hautiwi mbolea kabisa.

Zikiwa nyasi bandia, uliza kinachojazwa katikati ya majani. Chembe za mpira wa matairi hutoka na viatu na mvua, na huvujisha zinki. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya plastiki ndogondogo inayokomesha uuzaji wa chembe hizo kuanzia Oktoba 2031. Kando ya ziwa mimi nazikataa moja kwa moja. Chembe za gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, au viganda vya mimea, vinafanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 6: Majitaka ya siku ya mechi

Ripoti hupenda wastani wa siku. Uwanja hauna wastani: siku nyingi uko mtupu, siku moja watu wote wanakwenda msalani mapumziko yakianza. Mtambo wa kusafisha unaotegemea vijidudu hautaki maisha hayo, kwani vijidudu hufa njaa wiki nzima halafu hufurikiwa kwa saa mbili. Tafuta tangi la kuhifadhi mzigo wa siku kubwa ili ulishwe mtamboni kidogokidogo. Lisipokuwepo, andika.

Hatua ya 7: Kelele na taa

Jioni hewa iliyo karibu na maji hupoa, sauti hupinda kurudi chini, na ng'ambo ya ziwa wanasikia kila kitu. Modeli za kelele zinazofuata ISO 9613-2, kiwango cha kimataifa cha kukokotoa kelele za nje, zina kigezo cha jinsi ardhi inavyomeza sauti, G: 1 kwa udongo laini wenye nyasi, 0 kwa sehemu ngumu, na maji yamo humo kwenye ngumu. Fungua kiambatisho uone ziwa limewekewa G gani. Likiwekewa 1, matokeo ya ng'ambo ni ya kupendeza kuliko hali halisi.

Taa: zielekezwe chini, zisimulike maji, zizimwe kwa saa iliyoandikwa.

Hatua ya 8: Hali ya awali

Angalia tarehe. Ndege walihesabiwa msimu upi? Samaki wanazaa lini, na kuna mtu aliyefika kwenye matete wakati huo? Sampuli za maji zikichukuliwa juu tu, siku moja, hazisemi lolote kuhusu oksijeni ya chini, ambako ziwa lenye kina hujitenga kwa tabaka. Kisahani cha Secchi, kinachoshushwa majini hadi kisionekane tena, kilichobuniwa mwaka 1865, ni cha bei ndogo kuliko kipimo kingine chochote hapa. Kikundi kinaweza kujitengenezea na kuanza kupima uangavu wa maji sasa hivi, ili kuwe na rekodi isiyotoka kwa mwenye mradi.

Hatua ya 9: Mbadala na majedwali

Mbadala wa "kutojenga kabisa" hupewa aya moja ya kuuzika. Tafuta mbadala wa kusogeza uwanja nyuma. Kama haumo, ripoti ina pengo. Majedwali ya alama, yanayoipa kila athari namba, sina imani nayo. Lile la Leopold la 1971 lina visanduku 8,800, na ndani ya kila kimoja mtu anaweka namba aliyoifikiria. Ruka, nenda kwenye mpango wa usimamizi uone nani atalipa, nani atapima, na nini kitasimamishwa kipimo kikizidi.

Hatua ya 10: Andika maoni

Hoja moja, aya moja. Anza na ukurasa, nukuu sentensi yao, eleza kasoro, malizia kwa kudai kitu kinachoweza kufanywa: upimaji upya, kontua mpya, bwawa kubwa zaidi. Usichanganye hasira za kiwanja na hoja za maji. Msomaji atajibu hasira na kuruka maji. Hoja zako nne nzito zitangulie, ya usawa wa ziwa ikiwa ya kwanza, kwa kuwa ikikubaliwa nusu ya michoro inabidi ichorwe upya. Ambatisha ramani yako ya QGIS na hesabu ya mvua kwenye karatasi moja. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo, na omba ripoti ya mwisho iwe na jedwali linaloonyesha kila hoja imejibiwa ukurasa gani.