Pedali ya gitaa uliyoiunda inavuma: jinsi ya kumnasa mchawi

Kelele kwenye pedali ya kuunda nyumbani ni mara chache itoke kwenye aisi (IC, chipu inayokuza sauti). Hutoka kwenye umeme unaoilisha, au kwenye vitu vilivyo nje ya bodi: jeki, swichi, poti (vya kuzungusha kurekebisha sauti), boksi na nyaya zinazoviunganisha. Kung'oa aisi kabla ya kujua kelele inaingilia wapi ni kutwanga maji kwenye kinu, na kila ukipasha moto bodi unahatarisha njia za shaba zilizo chini yake.

Mfano wetu ni overdrive (pedali inayokwaruza sauti ya gitaa) ya kawaida yenye aisi ya TL072 au JRC4558, volti 9, boksi la alumini na swichi ya mguu ya pini tisa. Saketi nyingine hufuata mkondo uleule.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua boksi

Chukua plagi ya jeki, lehemu ncha yake na mwili wake pamoja, uichomeke mahali pa gitaa. Kelele ikifa, pedali haina kosa: inakuza tu kinachookotwa na pikapu (koili na sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) au kebo. Rudisha gitaa, geuka nalo taratibu chumbani. Ukisikia mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, mchawi ni pikapu ya koili moja pamoja na transfoma au tyubulaiti iliyo karibu.

Kelele ikibaki, shusha geini (kiwango cha ukuzaji) kisha ulinganishe mvumo na gitaa lililotyuniwa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni Hz 50. Mvumo unaoingia kwa hewani au kupitia arthi (njia ya pamoja ya hasi) huwa na Hz 50, chini ya uzi mnene wa E ambao ni Hz 82. Mvumo wa adapta isiyochujwa vizuri huwa Hz 100, karibu sawa na G ya uzi wa sita, freti ya tatu. Usipime geini ikiwa juu, kwa sababu overdrive yenyewe huzalisha noti za ziada na sikio litakudanganya.

Mluzi mwembamba, "shhh" kama mvua juu ya bati, na mshindo wa swichi vina hatua zake chini.

Hatua ya 2: Weka betri

Betri mpya ya 9V, adapta ichomolewe kabisa. Mvumo ukiisha, usihangaike na bodi, tengeneza umeme.

Weka rezista ya 100Ω kwenye njia ya chanya, kisha kapasita ya 100µF (25V, si 10V) kutoka upande wa bodi kwenda arthi. Hiyo huanza kukata kwenye Hz 16 hivi, kwa hiyo Hz 100 inapungua zaidi ya mara sita. Ongeza 100nF ya seramiki kati ya pini 8 na pini 4 ya aisi, miguu iwe mifupi kadiri inavyowezekana. Taa ya LED ilishwe kabla ya hiyo rezista, si baada yake.

Tahadhari kuhusu adapta za ruta za intaneti, maana ndizo zimejaa mitaani. Nyingi zina chanya katikati, na pedali karibu zote zinataka hasi katikati. Plagi inaingia vizuri kabisa, halafu unasikia harufu. Pima kwa mita kwanza. Hata ikiwa na nguzo sahihi, adapta nyepesi ya aina hiyo mara nyingi huleta mluzi ambao 100Ω na 100µF hazitaumaliza wote.

Kama mvumo unatokea tu pedali kadhaa zikilishwa na adapta moja, ni mzunguko wa arthi: hasi zimekutana mara mbili, kwenye kebo za gitaa na kwenye waya wa adapta. Lisha pedali yako kwa tundu lililotengwa, yaani lisiloshiriki hasi na mengine.

Hatua ya 3: Arthi

Hapa ndipo saa zinapopotelea. Betri ipo, mvumo upo, bodi inaonekana safi. Chomoa umeme wote.

Usitumie mlio wa "bip" wa mita. Mita nyingi hulia hata kwenye 30Ω au zaidi, na kiungo kibovu cha 5Ω kitalia kama kizima. Weka kwenye skeli ya 200Ω. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza, ikisoma 0.4, hiyo ni ya nyaya zake, itoe kwenye kila kipimo.

Ncha moja ibaki kwenye mwili wa jeki ya kuingilia. Nyingine ipite: mwili wa jeki ya kutokea, hasi ya tundu la umeme, pini 4 ya aisi, mguu hasi wa kila kapasita kubwa, mgongo wa kila poti, boksi, mfuniko. Kila mahali tarajia chini ya 1Ω. Wakati unapima, tikisa waya kwa kijiti cha plastiki. Namba ikiruka, umempata.

Mambo yanayodanganya watu hapa:

Rangi. Boksi lililopakwa rangi haligusani na jeki hata ukaze nati kiasi gani. Kwangua ndani, chini ya washa, mpaka alumini ing'ae. Mfuniko nao: kwangua ukingo au mashimo ya skrubu.

Jeki za plastiki. Hizi haziunganishi boksi na kitu chochote, hivyo boksi linageuka antena. Vuta waya mmoja tu kutoka kwenye mwili wa jeki ya kuingilia hadi kwenye skrubu ya boksi.

Tundu la umeme la chuma. Pedali ya hasi katikati ina chanya kwenye ganda la nje la plagi. Ukifunga tundu la chuma kwenye boksi la chuma, umeunganisha chanya na arthi moja kwa moja. Tumia tundu la plastiki, hapa hakuna mjadala.

Boksi la plastiki. Libandike utepe wa shaba ndani. Utepe wa alumini wa dukani haushiki lehemu, na gundi yake kwa kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo kipande kilichobandikwa juu ya kingine hakijaungana nacho. Ukilazimika kuutumia, tumia kipande kimoja kizima na ukikaze kwa skrubu na washa.

Jeki ya stereo. Kwenye pedali ya betri, hasi ya betri huenda kwenye pini ya pete ili pedali iwake plagi ikiingia. Ukikosea ukaipeleka bodi kwenye pete na betri kwenye mwili, pedali itafanya kazi kwa betri na kukuzungusha kwa adapta.

Baada ya hapo panga nyaya upya: arthi ya bodi, hasi ya umeme na arthi ya swichi zikutane kwenye mwili wa jeki ya kuingilia, kila moja kwa waya wake. Kuirusha arthi kutoka poti hadi poti hadi swichi kunaokoa sentimita chache za waya, lakini kiungo kimoja kikilegea vyote vilivyo mbele yake vinaanza kuvuma.

Ukipata kiungo cha kijivu kisichong'aa, usiongeze lehemu juu yake. Fyonza ya zamani, weka fluksi, lehemu upya.

Hatua ya 4: Kijiti cha kusikilizia

Kwa kazi hii nakipendelea kuliko osiloskopu. Kata kebo ya gitaa. Waya wa kati uupeleke kwenye kapasita ya 100nF (50V au zaidi), mguu wake mwingine ndio ncha ya kugusia. Shildi (wavu wa nje wa kebo) iende kwenye kibanio cha arthi. Chomeka kwenye amplifaya, sauti chini. Usikitumie kamwe ndani ya amplifaya ya valvu.

Anza kutokea nyuma, kwenye pini za aisi: 7, 5, 1, 3. Kelele inapoishia, mchawi yuko kati ya hapo na pointi uliyotoka. Gusa pia pointi ya 4.5V, pale rezista mbili za 10kΩ zinapokutana. Panatakiwa pawe kimya. Pakivuma, kapasita yake ya 47µF imekufa, imegeuzwa au haijashika.

Volti: pini 8 karibu 9, pini 4 sifuri, pini 1 na 7 karibu 4.5. Pini 3 ikisoma 4.1, usishtuke, mita ya 10MΩ inavuta volti kupitia rezista ya 1MΩ. Ndicho kipimo cha kutarajia.

Hatua ya 5: Mluzi na redio

Mluzi unaobadilika unapozungusha geini ni sauti ya kutokea inayorudi kuingilia. Tenganisha nyaya hizo mbili. Ya kuingilia iwe ya shildi, shildi iunganishwe upande mmoja tu. Hakikisha pia kuna kapasita ya 47 hadi 100pF sambamba na poti ya geini.

Saketi yenye aisi ya MAX1044 ya kuzidisha volti hupiga mluzi wake yenyewe: unganisha pini 1 na pini 8. ICL7660 isiyo na S mwishoni haina huduma hiyo, ibadilishe.

Redio ikiingia, 1kΩ mfululizo kwenye kuingilia na 100pF kwenda arthi baada yake.

Hatua ya 6: "Shhh"

Geini ikiwa juu, kiasi fulani ni haki yake. Badilisha rezista za hatua ya kwanza ziwe za metali filamu, 1%. Inatosha.

Hatua ya 7: Mshindo na mkwaruzo

Swichi ikipiga "paa!", weka 1MΩ kutoka kuingilia kwenda arthi na nyingine kutokea, upande wa jeki wa kapasita za kupitishia sauti. Poti ya volyumu inayokwaruza hata ikiwa mpya ina volti ya DC juu yake: pima kati ya miguu yake ya nje, gitaa likiwa kimya. Ukikuta zaidi ya milivolti chache, kapasita iliyo kabla yake inavuja au imewekwa kinyume.