Somo: Kuomba leseni ya kudhamini wafanyakazi na wanafunzi Uingereza

Wakuu, wengi mlioko Uingereza mna kampuni ndogo: usafi, malezi ya wazee, mgahawa, uhasibu. Unampata mtu wa nyumbani mwenye sifa, halafu unagundua huwezi kumwajiri bila leseni ya udhamini. Somo ni la mwenye kampuni, ila anayetafuta kazi naye asome, ajue anapigwa wapi.

Hatua ya 1: Kazi yenyewe. Anza hapa kabla hujatoa hata senti. Tangu 22 Julai 2025, viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa kawaida inataka kazi ya ngazi ya shahada na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au zaidi kama kiwango cha kazi hiyo kiko juu. Zipo nafuu kwa baadhi ya kazi, kama za afya. Wahudumu wa malezi hawaajiriwi tena kutoka nje, na wapishi nao wametoka kwenye orodha ya kazi zinazokubalika. Mwenye mgahawa, pole, hela yako itunze.

Hatua ya 2: Watu wa kusimamia. Unataja afisa mwidhinishaji, mtu wa mawasiliano, na mtumiaji wa ngazi ya kwanza anayeingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kusimamia udhamini. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote tatu, lakini lazima awe anaishi Uingereza. Mwidhinishaji awe mkubwa kabisa katika masuala ya ajira, maana kila kitakachofanyika kwenye mfumo kitamrudia yeye. Usimwandike shemeji kwa sababu tu ana pasipoti ya Uingereza. Serikali hupekua rekodi za jinai, hasa makosa ya uhamiaji na udanganyifu.

Hatua ya 3: Nyaraka. Kwa kawaida zinatakiwa zisizopungua nne: bima ya mwajiri ya angalau pauni milioni 5, namba za kodi ya mishahara, usajili wa VAT, taarifa ya benki, mkataba wa pango na kadhalika. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha nyaraka zinatumwa kwa baruapepe ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo kusanya kwanza, jaza baadaye.

Hatua ya 4: Ada. Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 574 kwa kampuni ndogo na mashirika ya hisani, 1,579 kwa kubwa. Hubadilika, angalia tovuti ya serikali siku ya kulipa. Kila mfanyakazi ana gharama zake pia: cheti cha udhamini, yaani CoS, ambacho Aprili 2025 kilipanda hadi pauni 525, na tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri kwa kuleta mtu wa nje, ambayo tangu Desemba 2025 ni pauni 480 kwa mwaka kwa kampuni ndogo. Maombi mengi hujibiwa ndani ya wiki 8.

Hatua ya 5: Baada ya kuipata. Leseni nyingi zinafia hapa. Mfanyakazi asipofika siku ya kwanza, akitoroka au akiachishwa, una siku 10 za kazi kuripoti. Tunza nakala za pasipoti, anwani, simu na mahudhurio. Maofisa wanaweza kubisha hodi bila taarifa, na watamuuliza mfanyakazi mwenyewe anafanya kazi gani.

Kwa vyuo. Cheti chao, ambacho chuo humpa mwanafunzi ili aombe viza, kinaitwa CAS. Chuo lazima kikaguliwe na chombo kinachotambulika, na kila mwaka hupimwa. Hadi Mei 2025 wanaonyimwa viza walitakiwa wawe chini ya asilimia 10, wanaojiandikisha wafike 90, wanaomaliza kozi 85. Mwezi huo serikali ilitangaza nia ya kukaza kila kigezo kwa pointi tano.

MASWALI YA WANACHAMA

Niko Nairobi, wakala anataka nilipie CoS. Ni halali?
Hapana, mkuu. Tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtupia mfanyakazi mwenye ujuzi ada ya leseni wala ya CoS, na tozo ya ujuzi ilikatazwa zamani. Viza na ada ya matibabu unaweza kulipa mwenyewe. Litafute jina la kampuni kwenye orodha ya wadhamini ya serikali, ni bure. Hata likiwemo, haina maana kwamba kazi ipo.

Kampuni yangu ina miezi minne tu.
Omba. Chini ya miezi 18 lazima uonyeshe akaunti ya kampuni kwenye benki inayosimamiwa Uingereza. Jiandae kueleza kwa nini nafasi hiyo ipo na mshahara utatoka wapi.

Nasikia leseni inahuishwa kila miaka minne?
Sharti hilo lilifutwa 6 Aprili 2024.

Mwajiri wangu amenyang'anywa leseni, nifanyeje?
Viza yako itafupishwa, kwa kawaida hadi siku 60, au zilizobaki kama ni pungufu. Barua ikifika, soma tarehe iliyoandikwa ndani. Anza kutafuta mdhamini mwingine leo, usiisubiri.

Nina darasa la Kiingereza. Nahitaji leseni?
Kwa kozi za miezi 6 hadi 11 ipo viza ya masomo mafupi isiyohitaji CAS, ila darasa lako lazima liwe na ithibati. Anzia kwenye ithibati.