Jifunze subjuntivo ya Kihispania kupitia Kiswahili

Mwanafunzi wa chuo anayesoma Kihispania na ambaye Kiswahili ni lugha yake, asijifunze subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la jambo linalotakiwa au lenye shaka, kwa kupitia Kiingereza, kwa kuwa lugha yake mwenyewe imekwisha kumfungulia mlango. Tunaposema «nataka uje», kitenzi cha pili hubadilika kwa sababu jambo linatakiwa tu, halijatendeka. Mhispania naye husema «quiero que vengas» kwa sababu hiyohiyo. Hata umbo linafanana katika vitenzi vinavyoishia na -ar: «habla» (anaongea) huwa «hable», kama vile «anasoma» inavyokuwa «asome». Vitenzi vya -er na -ir hugeuka kinyume, «come» (anakula) ikawa «coma», na hapo ndipo mazoezi ya kuandika yanapohitajika zaidi.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Baada ya kuonyesha shaka, Kihispania hutaka subjuntivo, «dudo que venga», ilhali sisi husema «sidhani kama atakuja». Vivyo hivyo «cuando vengas» kwetu ni «utakapokuja», hivyo sentensi za aina hizi mbili ziandikwe kwenye ukurasa wake peke yake daftarini na zirudiwe kwa sauti kila siku.