Zana za pamoja kwa watafiti waliotawanyika: Lubumbashi, Kolwezi, Kinshasa, Brussels

Tuseme mnapima metali kwenye udongo: wanne Lubumbashi, wawili Kolwezi, mmoja Kinshasa, msimamizi Brussels. Kabla ya kuchagua programu, amueni akaunti ni ya nani. Kwenye Google Drive ya bure, faili ni mali ya aliyeipakia hata akiiweka kwenye folda ya pamoja. Inakula GB 15 zake, na akifuta akaunti yake inaondoka naye. Kwa hiyo fungueni akaunti ya mradi, na faili za mwisho zipakiwe kupitia hiyo tu. Watu wawili wajue nywila. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, kisha chapeni misimbo ya akiba kwenye karatasi na kuifungia kabatini, maana laini ya simu ikipotea SMS ya uthibitisho haiwafikii.

Uwandani tumieni KoboCollect, programu ya simu inayojaza fomu bila mtandao. Kobo ina seva mbili, ya kimataifa na ya Ulaya, na akaunti ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine. Mkubaliane siku ya kwanza. Wekeni fomu zijitume kwa Wi-Fi pekee, mega zisiishe njiani. Fomu isiyotumwa inakaa ndani ya simu tu: ukiondoa programu au kufuta data yake, imepotea. Basi simu isirudi kwa mwenyewe mpaka fomu zinazosubiri kutumwa ziwe sifuri.

Linalosumbua zaidi ni CSV, yaani faili za jedwali zilizoandikwa kwa maandishi matupu. Kompyuta nyingi za Lubumbashi zimewekwa kwa Kifaransa, na Excel ya namna hiyo inataka mkato kwenye desimali na nukta-mkato kati ya safu. Maabara ikituma faili yenye nukta kwenye desimali na mkato kati ya safu, ukiibofya mara mbili kila kitu kinajazana safu moja. Hata ukizitenganisha, 3.5 inaweza kubaki maandishi tu, na wastani unatoka bila thamani hiyo, pasipo onyo lolote. Ifungueni kupitia menyu ya Données (Data), mtaje wenyewe kitenganishi na alama ya desimali. Majina ya faili yaanze na tarehe, bila nafasi wala herufi zenye alama: 2025-03-14_kolwezi_udongo_v2.csv.

Marejeo yawekwe kwenye kikundi cha Zotero, programu ya kutunza marejeo, bila PDF. Nafasi ya bure ni MB 300, na faili za kikundi zinahesabiwa kwa aliyekiunda. WebDAV, njia ya kuhifadhi faili za Zotero kwenye seva nyingine, haisaidii hapa. Inahudumia maktaba binafsi tu. PDF ziwekeni Drive.

WhatsApp ni ya miadi na dharura, yenye wasimamizi wawili. Picha ya shimo la sampuli itumwe kama hati: ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza viwianishi vya GPS. Uamuzi uliofikiwa humo unakiliwa siku hiyohiyo kwenye hati moja ya Drive: tarehe, uamuzi, nani atafanya. Vinginevyo baada ya mwezi mtabishana kuhusu kina cha sampuli huku jibu limezikwa chini ya salamu za sikukuu.

Saa za mikutano ziandikwe hivi: 14:00 Lubumbashi, 13:00 Kinshasa. Ukiandika "saa nane", aliyezoea saa za Kifaransa atakuja asubuhi. Brussels iko sawa na Lubumbashi wakati wa kiangazi cha Ulaya. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi iko nyuma kwa saa moja.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini Kongo (DRC), ikarudi Januari 2019. Kwa hiyo kila Ijumaa nakilini Drive yote kwenye diski mbili, moja Lubumbashi na moja Kolwezi, na kila mmoja awe na namba za simu za wenzake kwenye karatasi. Mkimaliza kunakili, chomoeni diski, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine na mfungue faili moja. Diski iliyochomolewa umeme ulipokatika katikati ya kazi huonyesha majina yote ya faili, na baadhi hazifunguki.