SOMO: Jiwe linavyokwambia bara lilikuwa wapi (someni kwanza ndo muulize)

Swali la jiwe linaonyeshaje bara lilikuwa wapi zamani nimelijibu mpaka nimechoka, leo naandika mara moja basi. Lava ikipoa chini ya digrii 580 hivi, chembe za magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku) zinashika uelekeo wa sumaku ya dunia ya siku ile na kubaki nao, hata bara lihamie wapi.

1. Tafuta mwamba ambao haujaoza na umri wake unapimika. Basalti (mwamba mweusi wa lava iliyopoa) poa sana.

2. Toboa kwa drili ya maji, upate silinda nene kama sentimita 2.5.

3. Hapa ndo nilipoboronga. Kabla hujaing'oa silinda, ichore alama, andika inaelekea wapi na imelala kiasi gani. Mimi niliweka dira juu ya mwamba wenyewe, nikasahau basalti nayo ni sumaku, sindano ikavutwa, kufika maabara silinda za mwamba mmoja kila moja inaonyesha kwake, kazi ya siku tatu ikaenda na maji. TUMIA DIRA YA JUA: kivuli, saa kamili, mahali ulipo. Kileleni kunakopigwa radi usiguse, radi inafuta ya zamani na kuandika yake. Pima na mlalo wa tabaka, kama liliinama baadaye urudishe kwenye hesabu.

4. Maabara pasha moto hatua kwa hatua, usumaku wa juzijuzi ufutike.

5. Chukua mwinamo, yaani pembe ambayo usumaku uliobaki kwenye jiwe umeinama kutoka usawa wa ardhi. Tan ya mwinamo gawa kwa 2, unapata tan ya latitudo. Mwinamo 49, latitudo 30.

MASWALI

– Mkuu, dira ya simu haifai?
– Soma namba 3.
– Nimesoma.
– Soma tena.

– Sumaku ya dunia si huwa inageuka, kaskazini yake ikawa kusini? Sasa utajuaje ni 30 kaskazini au kusini?
– Umeuliza la maana ndugu yangu. Inageuka kweli, mara ya mwisho kama miaka 780,000 iliyopita. Jiwe moja halitoshi, unapanga mawe ya umri tofauti kuanzia leo kurudi nyuma, unaifuata njia bara lilikopita. Basalti za Deccan kule India, miaka kama milioni 66, zilimwagika India ikiwa bado kusini ya ikweta, leo iko kaskazini. Ila longitudo hupati hapa, usidanganywe.

– Mi nimetoboa lava moja tu, inatosha eh?
– Haitoshi. Ncha ya sumaku inayumbayumba, chukua lava nyingi utafute wastani. Na usiniambie eti ni mbali.

– Nyongeza wakuu, kalamu inafutwa na maji ya drili, mi nakwaruza alama kwa waya wa shaba.
– Hiyo safi, sikuwahi kuiwaza. Msumari je?
– Msumari ni chuma mkuu, we mwenyewe si ndo umetuambia habari ya dira.
– 😂 Haya.