Mto wenu unataka kulindwa? Pimeni hivi kabla hamjakubali ama kukataa

Mpango wa kulinda mto ukija, nyumba za ukingoni ndizo huguswa kwanza. Unaamka unapata alama ya X nyekundu kwa mabati, yaani nyumba yako itabomolewa, na kwa grupu ya WhatsApp watu wameshagawanyika, hawa wanataka miti na maji safi, wale wanauliza watoto watalala wapi. Wote wako na haki. Mimi nimelelewa karibu na mto Mathare, Nairobi, na nimeona huo ubishi ukiisha vibaya mara nyingi, juu watu hubishana bila hesabu mkononi. Kwa hivyo hivi ndivyo sisi hufanya.

Kwanza tembeeni. Mara mbili, asubuhi moja ya siku ya kazi na tena siku baada ya mvua kubwa, na muanze juu mkishuka, si penye mnakaa peke yake. Mto Nairobi kwa mfano unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukifika Dandora si mto ule ule tena, na kati hapo ndio majibu yako. Beba daftari uandike kila mtu anayetumia mto na anautumia kwa nini: mwenye nduma na sukuma wiki, anayekata nepia ya ng'ombe, vijana wa kuosha magari, mama wa kufua, mwenye kuokota plastiki. Usiandike "wakazi", hilo neno halina tumbo. Andika kazi, na siku nzuri inampa shilingi ngapi.

Mkiwa hapo chukueni maji kwa chupa tatu zinazofanana, juu, katikati na chini, zikae usiku kucha bila kutingishwa mwone tope limelala kiasi gani kila moja. Geuzeni mawe pia (gamboti na glavu, tafadhali, hayo maji si ya kuchezea). Ukipata wadudu wa majini wa aina nyingi mto bado unapumua, ukipata minyoo myekundu peke yake ujue hewa imeisha majini.

Sasa kamba, na hapa msiharakishe. Kanuni zetu za maji zinasema ukingo wa mto ni angalau mita 6 na usizidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Watu husikia hizo namba mbili kama kitu kimoja, na si kitu kimoja kabisa. Chukua kipande cha mto cha mita 100, pande zote mbili: kwa mita 6 unagusa mita mraba 1,200, kwa mita 30 unagusa 6,000. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni kama mita mraba 9, sasa hata ukisema nusu ya hiyo ardhi ni vichochoro, vyoo na mahali pa kuanika nguo, bado ni vyumba kama 65 kwa hesabu ya kwanza na zaidi ya 300 kwa ya pili, na hapo sijapanda ghorofa. Kwa hivyo vuteni kamba mbili, moja ya 6 na moja ya 30, na muingie kati mhesabu milango.

Nasema milango, si nyumba, si mapaa. Kuna ripoti niliwahi kusoma ya sehemu tunayoijua vizuri, walikuwa wamehesabu mapaa kutoka juu, na paa moja la mabati pale lina milango kumi au kumi na miwili, familia nzima nzima zikapotea kwa karatasi hivyo tu. Iliniuma sana. Tena tofautisheni mwenye plot na mpangaji, juu fidia ikija mwenye plot ndiye ana karatasi ya kuonyesha, na mpangaji ndiye anabeba godoro. Muulize mpangaji anatembea dakika ngapi hadi kibarua Industrial Area, mtoto yuko shule gani, na duka gani linamkopesha unga. Hilo la mwisho watu huona dogo lakini mtu akihama anaanza upya bila mtu wa kumwamini na robo ya sukari.

Halafu pimeni pia gharama ya kuacha mto vile ulivyo, juu hiyo nayo ina bili. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalibeba watu usiku hapa Nairobi, na baadaye nyumba za kando ya mto zikabomolewa mitaa ya Mathare na Mukuru. Waulize wazee maji yalifika wapi, mpige rangi hapo kwa ukuta. Nyumba iliyo chini ya hiyo rangi siwezi kuitetea ibaki, hata kama ni ya ndugu yangu, lakini nitatetea huyo mtu apate pa kwenda kabla tingatinga lije. Na msisahau watu wa chini ya mto: maji yetu yanaingia Athi, yanakuwa Galana halafu Sabaki, hadi bahari karibu na Malindi. Mkulima wa huko hana kiti kwa baraza lenu lakini taka zenu zinamfikia.

Upande wa mazingira, si kila kijani ni kizuri. Mikaratusi ukingoni inakunywa maji vibaya, bora mianzi na miti ya kienyeji. Kuta za saruji zinaharakisha maji yakapige wa chini. Na swali ambalo naliuliza kila mkutano hata wakichoka na mimi: sewa inaenda wapi? Ukiondoa vibanda na bado kuna paipu ya sewa ya mtaa wa juu inamwaga mtoni, umehamisha watu na ukabakisha uchafu.

Ulizeni pia mto ukishapendeza nani ataingia, na kwa pesa ngapi. Msitu wa Karura, Nairobi, ulipiganiwa na Wangari Maathai na wenzake 1999, maporomoko yake ni mazuri mno, lakini langoni unalipa.

Si lazima mto wote uwekewe sheria moja. Marekani tangu 1968 wana sheria ya mito ya kulindwa, na mto mmoja unaweza kugawanywa vipande, kimoja cha porini kisiguswe, kingine watu wanaishi kando yake na kuutumia. Pendekezeni hivyo: penye msitu palindwe kabisa, penye watu pawe na mita kidogo na njia ya miguu.

Mkimaliza, chapeni kurasa mbili, milango, kazi, alama ya mafuriko, picha za chupa. Ombeni ripoti ya athari kwa mazingira kwa barua, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa maofisa siku 21 wawajibu. Tajeni kifungu cha 42 cha katiba, mazingira safi, na cha 43, makao, vyote viwili kwa ukurasa mmoja. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakitoa leseni ya mradi mkaona imewaumiza mna siku 60 za kwenda kwa Tribunali ya Mazingira. Barua na kurasa hizo zipelekeni ofisini nakala mbili, moja ibaki kwao, na ile yenu msitoke nayo kaunta bila mhuri na tarehe.